Chaneli Zipo, Ombi Halipiti: Kutafuta Kosa Katika Ugawaji wa Chaneli za Faiba

Anayepanga chaneli za mwanga kwenye faiba, yaani mawimbi ya urefu tofauti yanayopita pamoja kwenye uzi mmoja, hukutana na malalamiko yaleyale, awe mwanafunzi wa Tengeru mwenye programu ya uigaji kwenye laptopu yake, au fundi wa Moshi aliyekabidhiwa jedwali la chaneli alitunze. Ombi la kuwasha njia mpya ya mwanga halipiti ilhali nafasi ipo. Chaneli zinaisha mapema. Njia ya akiba inakatika siku ileile na njia kuu. Lawama huiangukia algoriti, yaani kanuni ya programu inayochagua njia na chaneli, na mtu huanza kutafuta nyingine yenye sifa kubwa zaidi. Kwa maoni yangu algoriti ndiyo ya mwisho kushukiwa. Anza na picha ya mtandao iliyopewa: chaneli gani inahesabiwa kuwa wazi, nani anaiandika, na kwa namba zipi.

Mifano mingi hapa inatumia mstari mmoja nilioutunga kwa ajili ya mwongozo huu, si ramani ya kampuni yoyote: Arusha, Usa River, Boma Ng'ombe, Moshi. Vituo vinne, viungo vitatu, kila kiungo kikiwa na chaneli nne. Mtandao halisi hubeba chaneli 40 hivi zikipangwa kwa nafasi ya gigahezi 100 kati ya moja na nyingine, na 80 au zaidi kwa nafasi ya gigahezi 50, lakini nne zinatosha kulifichua kosa.

Kanuni ni mbili tu. Njia mbili za mwanga zinazopita faiba moja haziwezi kutumia chaneli moja. Na pasipo na kifaa cha kubadilisha urefu wa wimbi, njia inayoanza na chaneli fulani itaishika hiyohiyo hadi mwisho. Kanuni hizi zinaonekana nyepesi, lakini mwaka 1992 Imrich Chlamtac, Aura Ganz na Gadi Karmi walionyesha kwamba kuzitimiza kwa ubora kamili kwenye mtandao wowote ule ni tatizo la aina ya NP-kamili, yaani lile ambalo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kwa ukamilifu kila mara. Ndiyo maana kazini tunatumia mbinu za kukisia vizuri, na ndiyo maana ukaguzi wa makosa una uzito wake.

Kila kiungo kina nafasi, lakini ombi limekataliwa

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na ndiyo inayowachanganya wengi. Ripoti inasema kila kiungo kimejaa nusu tu, ila ombi la Arusha hadi Moshi linarudishwa.

Chukua basi la Arusha kwenda Moshi ambalo abiria haruhusiwi kuhama siti. Anayeshuka Moshi anahitaji siti moja iliyo tupu safari nzima. Hata kama kila kipande cha safari kina siti mbili tupu, zikiwa ni siti tofauti kila kipande, huyo hapandi. Chaneli nazo ni hivyo.

Andika hali ya kila kiungo kwa biti, 1 ikiwa wazi na 0 ikiwa imetumika, kuanzia chaneli ya kwanza hadi ya nne:

Arusha–Usa River: 0011
Usa River–Boma Ng'ombe: 1001
Boma Ng'ombe–Moshi: 1010

Sasa zioanishe biti kwa biti, ukibakiza 1 pale tu ambapo viungo vyote vitatu vina 1. Jibu ni 0000. Viungo viwili viwili vinavyofuatana vina chaneli ya pamoja, ila vyote vitatu havina hata moja. Algoriti ilikuwa sahihi kukataa.

Swali la kufuata ni nani anakalia nini. Katika mfano huu chaneli ya 2 inabeba njia ndefu ya Arusha–Moshi. Chaneli ya 1 ina njia fupi ya Arusha–Usa River, ya 3 ina Usa River–Boma Ng'ombe, na ya 4 ina Boma Ng'ombe–Moshi. Njia tatu fupi zisizogusana zimetawanywa kwenye chaneli tatu wakati zingeweza kukaa zote kwenye chaneli ya 1. Hamisha ile ya Usa River–Boma Ng'ombe kutoka chaneli ya 3 kwenda ya 1, kisha rudia hesabu: jibu linakuwa 0010, na ombi linapita kwa chaneli ya 3. Hamisha na ile ya Boma Ng'ombe–Moshi kwenda chaneli ya 1, na ya 4 nayo inafunguka mstari mzima.

Kwenye uigaji uhamisho huu ni bure. Kwenye mtandao ulio hai kuna mteja juu ya hiyo chaneli. Ukiwa na transponda za ziada, yaani vifaa vya kutuma na kupokea mwanga wa chaneli, kwenye vituo vyote viwili, washa njia mpya kwanza, hamisha trafiki, kisha zima ya zamani. Usipokuwa nazo, itabidi uirekebishe leza iliyopo itoe chaneli mpya, na mteja atakatika kwa muda. Fanya usiku, kwa taarifa. Ipange kazi hiyo kwa kuanza na njia zitakazofungua nafasi kubwa zaidi, maana hutapata ruhusa ya kuhamisha kila kitu.

Baada ya kuponya, ndipo uulize algoriti iliyoleta hali hii. Inayochagua chaneli kwa bahati nasibu hutawanya njia fupi kila mahali. Inayochagua chaneli iliyotumika kidogo zaidi hufanya vibaya zaidi: kwa nia njema ya kusawazisha mzigo inavunja zile chaneli chache zilizokuwa bado wazi mstari mzima. Mtu akiniambia anasawazisha chaneli kama anavyosawazisha mzigo wa seva, namwomba aache leo. Hapa tunataka kinyume chake, yaani kubana njia kwenye chaneli chache ili nyingine zibaki nzima. Mbinu ya kuchukua namba ya chini kabisa iliyo wazi hufanya hivyo bila kuhitaji habari za mtandao mzima. Ile ya kuchagua chaneli iliyotumika zaidi huipita kidogo, ila inadai hesabu ya mtandao wote. Ukiwa na msimamizi mmoja na mtandao wa ukubwa wa kanda yetu ya kaskazini, namba ya chini iliyo wazi inatosha kuanza nayo.

Kuna tiba nyingine, kubadilisha urefu wa wimbi njiani. Kituo ambacho tayari kinashusha mwanga kuwa umeme na kuupandisha tena kwa ajili ya kuusafisha kinaweza kutoka na chaneli tofauti. Mwambie algoriti kwamba kituo hicho kinakata njia vipande viwili. Nimeona mipango mingi inayosahau jambo hili na kukataa maombi bure.

Mbinu ya namba ya chini iliyo wazi inaishia kutumia chaneli za katikati

Unaona msimamizi wa Arusha anaanzia upande mmoja wa jedwali na wa Moshi upande mwingine, na wote wanaapa kwamba wanatumia mbinu moja. Wote wanasema kweli. Mmoja amepanga orodha kwa nanomita, mwingine kwa terahezi, na frikwensi ikipanda urefu wa wimbi unashuka.

Kiwango cha G.694.1 cha ITU-T, shirika la kimataifa la viwango vya mawasiliano, kinaanzia terahezi 193.1, ambayo ni sawa na nanomita 1552.52 hivi. Kwa nafasi ya gigahezi 100, vifaa vingi huiita chaneli ya 31, kwa hesabu ya 190.0 jumlisha 0.1 mara namba ya chaneli. Lakini watengenezaji wengine huhesabu kuanzia 1 kwa mpangilio wao, na wengine huanzia juu. Usihifadhi namba ya mtengenezaji kwenye picha ya mtandao.

Usihifadhi desimali pia. Kompyuta haiwezi kuandika 193.1 kwa ukamilifu, na ukijumlisha 0.05 mara kadhaa, ulinganisho wa usawa unashindwa kimyakimya: chaneli moja inageuka mbili, moja wazi na moja imejaa. Hifadhi namba kamili n, yaani hatua ngapi kutoka 193.1, juu au chini. Terahezi na nanomita zikokotolewe wakati wa kuchapa ripoti tu.

Kama mtandao unatumia gridi nyumbufu, yaani mpangilio ambao upana wa chaneli unaweza kutofautiana, hatua ya katikati ya chaneli ni gigahezi 6.25 na upana huongezeka kwa vipande vya 12.5. Hapo kunaingia sharti la tatu: vipande vya ombi moja lazima viwe vimepakana. Ripoti inayosema "vipande vinne viko wazi" bila kusema kama vinashikana haina msaada kwa mpangaji.

Chaneli zinapungua siku hadi siku, wateja ni walewale

Kuna uvujaji. Kipimo chake ni kimoja na hakikosei: jumlisha idadi ya viungo vya kila njia iliyo hai, kisha hesabu biti zote zenye 0 kwenye viungo vyote. Namba mbili hizi lazima zilingane. Zikitofautiana, usiendelee na jaribio lolote hadi ujue kwa nini. Mimi huweka ukaguzi huu uendeshwe baada ya kila ombi wakati wa kujaribu programu. Unaipunguza kasi, lakini unakuonyesha tukio lenyewe lililoharibu hesabu.

Mkosaji wa kawaida ni sehemu ya programu inayoachilia njia kwa kuikokotoa upya. Wakati wa kuwasha, njia fupi zaidi ilikuwa hii. Wakati wa kuzima, gharama za viungo zimebadilika na njia fupi zaidi ni ile. Programu inaachilia viungo visivyohusika na kuviacha vilivyohusika vimefungwa. Kila njia ihifadhiwe pamoja na orodha ya viungo vyake na chaneli yake tangu siku ya kuwashwa. Mkosaji wa pili ni ombi lililoshindikana katikati: viungo viwili vilishashikwa, cha tatu kikakataa, na hakuna aliyevirudisha viwili vya kwanza. Wa tatu ni mwelekeo, ukishika kwenda na kurudi kisha ukaachilia kwenda peke yake.

Ukiwa na wasimamizi zaidi ya mmoja, au mtandao ambao vituo vyenyewe vinaitana kwa itifaki ya GMPLS, yaani lugha ya vituo kuombana na kushika njia bila msimamizi, ongeza mshukiwa mwingine: maombi mawili yanayoshika chaneli moja kwa pamoja. Mwanga kwenye faiba unakwenda kilomita moja kwa mikrosekunde 5 hivi, kwa hiyo kwenye njia ya kilomita 600 taarifa ya kituo cha mwisho imeshachelewa milisekunde 3 kabla ya kuongeza muda wa kompyuta zenyewe. Ujumbe wa kwenda unakusanya seti ya chaneli zilizo wazi njiani, kituo cha mwisho kinachagua, na ujumbe wa kurudi ndio unaoshika. Kati ya kukusanya na kushika kuna pengo. Na hapa ushauri wangu wa juu unabadilika: wote wakichukua namba ya chini iliyo wazi, wote wanaikimbilia chaneli ileile na wanagongana. Katika mtandao wa aina hii, kuchagua kwa bahati nasibu kati ya chache za chini hupunguza migongano. Kwa msimamizi mmoja tatizo hili halipo. Foleni moja ya maombi inatosha.

Wastani ni mzuri, wateja wa mbali wanalia

Ripoti inasema maombi machache sana yanakataliwa. Ukiyachambua, unakuta waliokataliwa karibu wote ni wale wanaokwenda mbali. Huo ndio mwenendo wa kawaida wa kanuni ya pili, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu.

Tuseme chaneli yoyote kwenye kiungo chochote ina uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa imetumika, na viungo haviathiriani. Ombi la kiungo kimoja linakataliwa pale tu chaneli zote nne zimejaa: 0.5 ikizidishwa yenyewe mara nne (0.5 × 0.5 × 0.5 × 0.5), yaani 0.0625, asilimia 6 hivi. Ombi la viungo vitatu linahitaji chaneli iliyo wazi kote kutatu. Kwa chaneli moja uwezekano huo ni 0.125, basi uwezekano wa kukosa zote nne ni 0.875 ikizidishwa yenyewe kwa namna hiyohiyo, ambao ni asilimia 59 hivi. Mtandao ni uleule, mzigo ni uleule. Katika maisha halisi viungo huathiriana, kwa sababu njia ndefu hushika chaneli moja kwenye viungo vinavyofuatana, hivyo pengo huwa dogo kuliko hapa, lakini lipo.

Kwanza, ripoti zako zigawe kwa idadi ya viungo. Wastani mmoja unamficha mteja wa mbali. Pili, tenga chaneli chache kwa njia ndefu tu, au weka kizingiti: ombi la kiungo kimoja lisipewe chaneli kama zilizobaki ni chini ya idadi fulani. Jumla ya waliokataliwa inaweza kupanda kidogo. Hiyo ni bei ya haki, na uamuzi wa kuilipa ni wa mwenye mtandao; usiufiche ndani ya programu.

Kwa wanaotumia uigaji, jambo moja la haraka: hakikisha mzigo umeuhesabu kama kasi ya maombi mara muda ambao kila njia inakaa hai, na utupe matokeo ya mwanzo wakati mtandao bado mtupu. Michoro mizuri kupita kiasi hutoka hapo.

Mpango wa kudumu unahitaji chaneli nyingi kuliko ilivyotarajiwa

Hapa maombi yote yanajulikana mapema. Tafuta kwanza kiungo chenye njia nyingi zaidi. Namba yake, tuiite L, ndiyo sakafu. Hakuna algoriti itakayoshuka chini ya hapo.

Kwenye mstari ulionyooka kama wetu, L inafikika daima. Panga maombi kwa kituo kinapoanzia kutoka upande wa Arusha, kisha kila moja lipe namba ya chini iliyo wazi. Zote zinazogongana na ombi jipya wakati huo zinapita kiungo kilekile linapoanzia, kwa hiyo ni pungufu ya L, na chaneli moja kati ya L lazima iwe wazi. Programu yako ikitumia zaidi ya L kwenye mstari, kosa ni la mpangilio wa maombi au la namba, na turudi sehemu ya pili ya mwongozo huu.

Mduara una tabia nyingine. Chora pete ya vituo vitatu: Sakina, Njiro, Tengeru. Weka njia tatu: Sakina hadi Tengeru kupitia Njiro, Njiro hadi Sakina kupitia Tengeru, Tengeru hadi Njiro kupitia Sakina. Kila kiungo kinabeba njia mbili, kwa hiyo L ni 2. Lakini kila njia inakutana na kila nyingine mahali fulani, na zinahitajika chaneli tatu. Hilo si kosa la programu. Kwa ujumla pete haitadai zaidi ya mara mbili ya L: kata pete kwenye kiungo kimoja, zipe njia zinazopita hapo chaneli zao, zilizobaki zinakuwa mstari ambao unatosha kwa L nyingine.

Sasa tazama tena zile njia tatu. Kila moja ilikuwa na njia fupi ya kiungo kimoja upande wa pili. Zikipitishwa huko hazigusani kabisa, na chaneli moja inatosha zote. Aliyekaa siku nzima akibadilisha mbinu za kugawa chaneli hapa angekuwa anatibu kidole wakati jeraha liko kwenye uchaguzi wa njia. Kila mpango unapozidi L kwa wingi, jaribu kwanza kubadilisha njia za maombi yanayopita kiungo kilichojaa.

Na kama unatumia kitatuzi cha hesabu za namba kamili, yaani programu inayotafuta mpango bora kabisa kwa hesabu, na hakimalizi, sababu kubwa ni kwamba chaneli hazina tofauti kwake: jibu lenye chaneli ya 1 na ya 2 zimebadilishana ni jibu lilelile, naye analipitia upya kila mara. Funga mapema chaneli za njia zote zinazopita kiungo kilichojaa zaidi, 1 hadi L. Sehemu kubwa ya kurudiarudia huondoka.

Njia kuu na ya akiba zimekatika pamoja

Algoriti ilithibitisha kwamba hazina kiungo cha pamoja. Ardhini zina mtaro mmoja. Barabara ya Arusha–Moshi, kilomita 80 hivi, ni ukanda mwembamba, na faiba za watu tofauti hupenda kufuata barabara ileile. Aliyepita Sakina hadi Tengeru wakati barabara ikipanuliwa aliona ni udongo kiasi gani hugeuzwa kando ya lami. Katapila halijui ipi ni njia kuu na ipi ni ya akiba. Kodi faiba ya akiba baada ya kuuliza inapita mtaro gani, daraja gani, nguzo zipi. Kila kiungo kiandikwe kundi lake la hatari, yaani viungo vinavyoweza kukatwa na tukio moja, na algoriti ikatae jozi zinazoshiriki kundi. Mtunza ramani akikosa habari hiyo, aandike kwamba vinashiriki hadi ithibitishwe vinginevyo.

Programu ni ya kijani, mteja ana makosa ya biti

Chaneli ni wazi kwenye picha, njia imewashwa, na data inafika imeharibika. Algoriti ilijibu swali la nafasi. Swali la ubora wa mwanga haikuulizwa. Faiba ya kawaida hupoteza desibeli (kipimo cha kupungua kwa nguvu ya mwanga) 0.2 hivi kwa kilomita karibu na nanomita 1550, na ukiongeza maungio na umri wa kebo, 0.25 ni makadirio ya tahadhari. Kilomita 80 kwa hesabu hiyo ni desibeli 20 kabla ya kikuzaji cha kwanza, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mwanga. Kila kikuzaji kinaongeza kelele yake, kwa hiyo njia ya akiba inayozunguka mbali inaweza kuwa na chaneli wazi kote na bado isifae.

Tazama na majirani. Chaneli za zamani za gigabiti 10, zinazowasha na kuzima mwanga, husumbua chaneli mpya za gigabiti 100 zinazosoma awamu ya mwanga zikikaa bega kwa bega. Ni hapa ambapo namba ya chini iliyo wazi ina madhara, kwa kuwa hupenda kubandika mpya pembeni ya zamani. Anzisha za gigabiti 100 kutoka mwisho wa pili wa gridi na uache nafasi kati ya makundi mawili.

Marekebisho kwenye programu si makubwa. Kila ombi lipitishwe kwenye ukaguzi wa pili baada ya kupata chaneli, ukihesabu upotevu, idadi ya vikuzaji na majirani wa chaneli hiyo kwenye njia nzima. Ikishindwa, jaribu chaneli inayofuata kwenye njia ileile kabla ya kubadilisha njia. Na unaporekodi ombi lililokataliwa, andika sababu ni ipi kati ya tatu: hakukuwa na nafasi kwenye kiungo, nafasi zilikuwepo ila hazikulingana, au zililingana ila mwanga usingefika. La kwanza linadai faiba au vifaa zaidi, la pili linadai kupanga upya chaneli, na la tatu linadai kikuzaji au kituo cha kusafisha mwanga.